Ukuta Wako Mwenyewe

Kuna watu ambao ukiwatuma Kariakoo wakanunue bawaba mbili za mlango wa jikoni, watarudi jioni na bawaba moja, drili mpya, kiboksi cha biti za kila saizi, na maelezo marefu ya kwa nini bei ile isingeweza kuachwa. Kazi zao za kulipwa ni za kukaa. Mmoja ni mhasibu, mwingine anafundisha chuo, mwingine anakagua mikopo benki, na namfahamu mama mmoja daktari wa meno ambaye kwa mashine za msasa hana mpinzani katika kata yake. Hakuna kati yao aliyewahi kulipwa hata senti kwa kupigilia msumari. Lakini Jumamosi mchana, wenzao wakiwa wanasubiri mpira uanze, utausikia mlio: unaanza chini, unapanda, unakatika, unaanza upya. Mtaa mzima unajua nani yuko kazini.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Waliwalenga wavivu, wale wanaoona kasoro kwenye kila mpini ili jua liwakute kivulini. Hawa wa kwetu wana tabia nyingine: wanalichagua jembe kwa sababu wanalipenda, na shamba ni kisingizio. Wanajua ipi ni mota yenye kaboni za kubadilisha na ipi haina. Watabishana mpaka chai ipoe kama betri ya volti 12 inatosha kwa kazi za nyumbani au lazima iwe ya 18. Mbele ya kabati la kioo la duka la vifaa vya ujenzi wanasimama kwa utulivu ambao jamaa zao hawajawahi kuuona kanisani wala msikitini. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo msomaji asitegemee hapa hukumu ya mtu asiye na upande.

Ninachotaka kukielewa ni raha yenyewe iko wapi. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani jibu linaanzia kwenye hesabu. Drili ya umeme ya kushika mkononi ilitengenezwa mwaka 1895 huko Stuttgart, Ujerumani, katika kiwanda cha C. & E. Fein, ikiwa chombo cha karakana, kizito, cha kukumbatia kwa mikono miwili. Umbo tunalolijua leo, lenye mshiko wa bastola na kifyatulio cha kubana kwa kidole, lilipewa hataza Marekani mwaka 1917, mali ya Black & Decker wa Maryland. Hata hapo drili ilibaki kuwa ya viwandani. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya silaha vilikuwa vikipotelewa na drili kila mara, na ikabainika kwamba wafanyakazi walikuwa wakizipeleka nyumbani. Kampuni ikaelewa, na mwaka 1946 ikaanza kuuza drili ndogo kwa watu wa kawaida. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hamu ilitangulia soko. Hakuna tangazo lililomwambia kibarua yule aifiche mashine ndani ya koti.

Baada ya hapo hesabu ikachukua usukani. Askari waliorudi vitani walipata mikopo ya nyumba kwa sheria ya mwaka 1944, vitongoji vikafumuka, na mafundi wakawa wa gharama. Mwaka 1961 ikaja drili ya kwanza ya betri. Mwaka 1969 duka la B&Q likafunguliwa Southampton, Uingereza; mwaka 1979 Home Depot wakafungua milango yao Atlanta. Mwenye nyumba wa kule ambaye hakutaka kujifunza kushika drili alikuwa ameamua kumlipa fundi kwa saa, tena fundi wa kupanga foleni. Hobi ilizaliwa ndani ya lazima.

Kwetu hesabu hiyo haisimami. Dar es Salaam fundi anapatikana kwa simu moja, wakati mwingine kwa kupiga mluzi dirishani. Bei ya drili nzuri ingemlipa mtu mwenye ujuzi atundike kila rafu, kila kioo na kila fimbo ya pazia ndani ya nyumba, na chenji ya soda ibaki. Anayekwambia amenunua mashine ili aokoe pesa anamdanganya mkewe, au anajaribu tu, maana mke naye anajua kupiga hesabu. Wapo wanaotaja uongo wa mafundi, ile kesho isiyofika. Ni kweli mafundi wana kesho nyingi. Lakini nimeona nyumba za hawa mafundi wa Jumamosi: mlango wa kabati umeegemea ukuta tangu Pasaka, na hapo hakuna wa kupigiwa simu akagombezwa.

Mimi naona jibu liko mahali pengine, na ili kulipata lazima tukumbuke jinsi wengi wetu tulivyoishi kabla ya kuwa na kuta zetu.

Aliyekulia vyumba vya kupanga anayajua masharti. Mgeni wa kulala atolewe taarifa, mkaa usiwashwe ndani, zamu ya kufagia uwanja ni hii, na misumari isipigiliwe ukutani. Sharti hili la mwisho lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyoonekana. Kalenda ilitundikwa kwenye msumari ulioachwa na mpangaji aliyepita. Ulitaka kioo kiwe karibu na dirisha penye mwanga, lakini msumari uko juu ya mlango, basi utajitazamia juu ya mlango, gizani, kwa kunyanyua visigino. Picha ya harusi ya wazazi ilikaa ndani ya sanduku miaka yote kwa sababu ukuta haukuwa na mahali pake na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Chumba kilikuwa chako kwa kodi ya miezi sita, lakini ukuta wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Halafu mtu anajenga. Na sisi hatujengi kwa mkopo wa miaka thelathini ukakabidhiwa funguo. Tunajenga kwa mshahara, kwa bonasi, kwa kikoba, kwa kuuza mahindi. Msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, lenta ikipatikana saruji, paa Mungu akijalia. Tunahamia kwenye pagale. Dirisha moja lina kioo, mengine yamezibwa kwa mabati. Dari hakuna, mvua ikinyesha mnapaziana sauti kama viziwi. Ndiyo maana kwetu kuboresha nyumba si starehe ya mwisho wa wiki. Ni hali ya maisha inayoweza kuchukua miaka kumi, na karibu kila hatua yake imeamuliwa na mwingine: fundi amesema, pesa imegoma, shemeji ameshauri, vigae vya rangi ile vimekwisha dukani.

Katikati ya maamuzi hayo yote ya wengine, siku moja mtu anasimama mbele ya ukuta wake, ana penseli, anaweka alama. Hapa. Si pale alipoacha mpangaji aliyepita. Nadhani raha ya drili kwa mtu wa kwetu inaanzia kwenye alama hiyo ya penseli. Mashine inakuja baadaye kutekeleza.

Na utekelezaji wenyewe, kwa asiyewahi kuukaribia, una mambo mengi kuliko kelele. Chukua kazi ndogo kuliko zote, kutundika rafu. Kwanza unautazama ukuta: swichi iko wapi, soketi iko wapi. Kwa nyumba zetu nyingi waya unashuka ndani ya bomba moja kwa moja kutoka darini hadi kwenye swichi, kwa hiyo mstari wa kwenda juu kutoka pale ni haramu kutobolewa. Kisha pima maji, lile tone la hewa linalotakiwa kutulia katikati ya vistari viwili, na ambalo likishakuonyesha kwamba fundi wako hakuijenga nyumba wima, hulali vizuri tena. Unapiga alama kidogo kwa msumari ili biti isiteleze. Unazungushia biti kipande cha tepu kuonyesha kina cha mwisho. Chini ya alama unabandika bahasha kuukuu, mdomo wazi, idake vumbi.

Unaanza polepole, bila nyundo ya mashine. Vumbi la kwanza ni la rangi na skimingi, jeupe na laini kama unga wa muhogo. Linafuata la kijivu, plasta. Ukiingia kwenye tofali la saruji punje zinakuwa kubwa na unasikia mchanga ukikwaruza chuma, hapo ndipo unapowasha nyundo. Kama nyumba iko Iringa au Mbeya na imejengwa kwa tofali za kuchoma, bahasha itajaa wekundu. Ukiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa, biti inaweza kwenda vizuri, halafu ghafla ikazama bila kizuizi, mkono ukagonga ukuta. Umekutana na uwazi ambao mwashi alijaza kokoto na chokaa kabla babu yako hajazaliwa. Na ukitoboa juu ya dirisha utakutana na lenta. Mlio unapanda, biti inapata moto, haisogei. Huenda umegusa nondo. Wasiojua wanaongeza nguvu. Wanaojua wanasogea sentimita tatu pembeni na kuanza upya.

Ukisoma vumbi hivyo unajua ukuta umejengwaje bila kuubomoa. Ni elimu ndogo, lakini ni ya kwako, na umeipata kwa kiganja.

Kisha inaingia fisha, kile kiplastiki cha kushikilia skrubu. Mjerumani Artur Fischer alikitengeneza cha nailoni mwaka 1958, na sidhani kuna uvumbuzi mdogo kuliko huo unaoshikilia mali nyingi kiasi hicho duniani: televisheni, makabati ya vyombo, masinki ya kunawia. Skrubu ikiingia, fisha inatanuka na kuuma ukuta. Mizunguko miwili ya mwisho, ukiifanya kwa bisibisi ya mkono badala ya mashine, unasikia kabisa pale inapokaza. Mkono unajua. Unaweka rafu, unaweka mzigo, unarudi nyuma hatua mbili. Imekaa.

Ofisini mambo hayaendi hivi. Waraka unaandikwa, unapita kwa watu watano, unarudi na alama nyekundu, unapita tena, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama umefanya kazi au haukufanya. Rafu haina rasimu ya pili. Ama imekaa ama imeanguka, na utajua leo leo. Mmarekani Matthew Crawford, mwenye shahada ya uzamivu ya falsafa ya siasa, aliacha kazi katika taasisi ya sera akafungua gereji ya kutengeneza pikipiki Richmond, Virginia, na mwaka 2009 akachapisha kitabu kizima cha kuitetea kazi ya mikono dhidi ya kazi ya makaratasi. Nakubaliana naye kwa mengi. Ila yeye aliigeuza kuwa riziki, na riziki ina wateja. Hobi haina mteja. Ukichoka unafunga boksi, na rafu iliyopinda kidogo utaitetea mbele ya wageni kwamba ni mtindo.

Ninaposema kutoboa kuna raha yake, pwani hii haihitaji kufundishwa na Stuttgart. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za nazi, na kila mshono ulitaka tundu. Majahazi yaliyokuja kuchukua nafasi yake yakashikwa kwa misumari, nayo kila msumari ukatobolewa njia kwanza ili ubao usipasuke. Chombo cha kazi hiyo kilikuwa keekee: mti wenye ncha ya chuma, unazungushwa kwa kamba ya upinde, mkono mmoja unakandamiza juu, mwingine unavuta na kusukuma. Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ambako uundaji wa majahazi ni kazi ya ukoo, keekee imeishi mpaka zama za umeme. Mwendo wake ni wa taratibu na sauti yake ni ndogo; anayeizungusha anaongea na mwenzake huku kazi ikiendelea. Jaribu kuongea na mtu mwenye drili ya nyundo mkononi.

Lamu hiyo hiyo iliwahi kulimaliza tatizo la rafu kabla halijaanza. Zile nyumba za mawe za kale zina zidaka, safu za vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta na kupambwa kwa chokaa iliyochongwa, mahali pa kuweka sahani za kaure na vitu vya thamani. Mwashi aliamua siku ya kujenga, na vizazi vikaishi ndani ya uamuzi wake. Ni uzuri usio na mfano, lakini nakiri ningeudhika. Ningetaka kidaka kimoja kisogee kushoto.

Kati ya keekee na drili kilichobadilika ni nguvu na muda. Jicho halikubadilika. Mashine haijui kama alama yako iko sawa. Itatoboa mahali pasipostahili kwa uaminifu ule ule na kwa kasi ile ile. Hii inawashangaza sana wanaoanza. Walidhani wamenunua ufundi, kumbe wamenunua mkono tu. Ndiyo maana katika hobi hii, ukiitazama kwa karibu, muda wa mashine kuzunguka ni dakika chache mno. Siku nzima inaishia kwenye kupima, kupima tena, kutafuta penseli iliyokuwa sikioni, kusogeza kochi, na kubishana na tone la hewa.

Hata mwezini ilikuwa hivyo. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walibeba drili ya betri, Black & Decker wakiwa miongoni mwa walioshiriki kuiunda, ili kutoboa mashimo ya vipima joto na kuchukua sampuli ya udongo wa chini. Udongo ukagoma, mashimo hayakufika kina kilichopangwa, na bomba la sampuli liling'ang'ania hata David Scott na James Irwin wakalazimika kulinyanyua wote wawili kwa mabega. Yeyote ambaye biti imewahi kumkwamia kwenye lenta anawaelewa watu wale vizuri kuliko mhandisi aliyebaki Houston.

Kuhusu mashine zenyewe nitakuwa mfupi, maana nikianza sitamaliza. Betri ndiyo mtego. Ukishanunua drili ya kampuni moja, betri yake haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, kwa hiyo jigsoo itakuwa ya kampuni ile ile, mashine ya msasa pia, na taa, na kipulizia vumbi ambacho hukukihitaji. Lakini betri ina utetezi wake hapa kwetu: waliokuwa na drili za betri wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 waliendelea kutundika mapazia gizani kwa tochi. Gharama ya umeme isimtishe mtu. Drili ya wati 600 ikizunguka saa nzima bila kupumzika itakula uniti 0.6 ya LUKU, na hakuna drili ya nyumbani inayozunguka saa nzima. Cha kuogopa ni mitumba ya kuvutia macho. Mashine za saiti za Uingereza, zenye plagi za njano, ni za volti 110. Za Japani ni za volti 100. Soketi yetu inatoa 230. Bila transfoma, mashine iliyovuka bahari nzima ikiwa salama inakufa sebuleni kwa moshi mmoja mweusi, na muuzaji anakuwa ameshahama kizimba.

Linabaki suala la fundi, na hili si dogo. Je, hobi hii inamnyang'anya mtu mkate? Nimelifikiria na nadhani mara nyingi inamwongezea. Mhasibu aliyewahi kujaribu kupachika mlango mwenyewe, akachimba nafasi ya bawaba kwa patasi, akakuta upande mmoja umezama kuliko mwingine, mlango unaburuza chini na kugonga fremu juu, akaparura kwa randa mpaka ukafunga vizuri, halafu masika ikaja mbao ikavimba ukagoma tena, mhasibu huyo hatabishana bei na fundi seremala kwa lugha aliyokuwa akiitumia zamani. Atalipa, na atasimama kutazama anavyofanya. Anajua sasa kinacholipiwa si saa mbili za kazi.

Kuna upande mwingine ambao hautulii moyoni kirahisi. Fundi anakuja nyumbani, anaona boksi limefunguliwa juu ya meza, anainua drili, anaipima uzito, anairudisha mahali pake taratibu. "Bosi, mashine kama hii ndiyo ninayoitafuta." Yeye analisha familia kwa drili ya kuazima kutoka kwa fundi mwenzake, anaisubiri zamu yake, wewe yako inalala kabatini wiki nzima ikiwa imefutwa mafuta. Sina jibu la kupendeza hapa. Ninachojua ni kwamba chombo kinachokaa kabatini hakina heshima yoyote, na wenye drili katika mtaa wanajulikana kwa jinsi wanavyoazimisha. Mlango unagongwa, ni mtoto wa nyumba ya tatu: "Shikamoo baba. Mama anauliza kama ile mashine ipo." Marahaba, ipo, na biti ya milimita 6 iko ndani ya boksi, mwambie asiitumie kwenye mbao. Inarudi kesho yake na sahani ya vitumbua.

Shule zetu nazo zina sehemu yao. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila mwanafunzi ashike jembe na nyundo pamoja na kalamu. Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliweka sanaa na kazi za mikono ndani ya mtaala wa msingi. Kadiri miaka ilivyokwenda, cheti kikawa juu na mikono ikawa ya walioshindwa mtihani. Tumewalea watu wanaosoma mizania ya kampuni ya mabilioni lakini hawajui skrubu inafungwa kuelekea upande gani. Wanapofika miaka arobaini na kitu, na kuta zao wenyewe, hamu inawajia kwa kuchelewa na kwa nguvu, na hawana wa kuwaelekeza isipokuwa video za simuni na fundi mvumilivu.

Ndiyo maana sitaki kumaliza kwa kusifu tu. Drili ni mpole. Grainda si mpole, na ndiyo mashine ya pili ambayo kila mgeni wa hobi hii anaikimbilia, kwa sababu inakata nondo, vigae, bati na kila kitu, na cheche zake zinapendeza. Kisu cha kawaida cha grainda ndogo kina kipenyo cha milimita 115 na kinazunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 230 kwa saa, sentimita chache kutoka kwenye uso wako. Kikipasuka, vipande vinaondoka kwa mwendo huo. Pita Gerezani au Keko, Dar es Salaam, uone: kinga imetolewa ili kisu kikubwa kiingie, miwani hakuna, suruali inameta cheche. Mafundi wale wana njaa ya kuwasukuma na uzoefu wa kuwalinda kidogo. Wewe wa Jumamosi huna kimoja wala kingine. Usiitoe kinga, usifunge kisu kikubwa kuliko mashine ilivyoandikiwa, na usome ile pete ya chuma katikati ya kisu kabla ya kukifunga, maana visu hivi vina tarehe ya mwisho wa matumizi na dukani hukaa vumbini muda mrefu. Umeme wa nyumba na kazi za juu ya paa mwachie anayeziishi.

Na ukienda kununua, nunua miwani ya kinga kabla ya mashine. Inauzwa duka hilo hilo, kwa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote utakachobeba siku hiyo.